Tangawizi ya Ng'ambo

Mimi si mtu wa kulialia. Nimeuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, mpakani miaka mingi, na pale ukianza kulia mteja anahamia kwa jirani yako. Lakini mwaka ule wa shimio nililia mpaka nikajichukia, na wala si kwa maumivu. Maumivu nilikuwa nayatukana tu, kwa sauti, kwa Kifaransa, maana nilijiambia matusi ya Kifaransa hayamuudhi Mungu sana. Nililia kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa bado ananijia, na ambaye nilimpoteza mimi mwenyewe, nikiwa nimelala kitandani, bila kufungua mdomo.

Nianze na ugonjwa, niumalize haraka. Nilikohoa masika yote na kiangazi chote. Kituo cha afya wakanipa dawa ya kikohozi, kisha dawa ya kifua kikuu, kisha damu ikaanza kutoka kwenye kitambaa, wakanituma hospitali kubwa, mbali, safari ya siku nzima kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Huko daktari mmoja, kijana tu, akanionyesha picha ya kifua changu na doa upande wa kulia. Kansa ya mapafu. Nikamwambia sijawahi kuvuta hata sigara moja. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninakaanga sambaza, kwa kuni na makala, yaani makaa, tangu nikiwa msichana kule Bukavu. Akalinakili hilo kwenye faili. Akaniandikia shimio mara sita, kila baada ya wiki tatu. Shimio ndiyo hiyo dawa ya kansa wanayokudondoshea mshipani kutwa nzima, na ukitoka hapo hata maji yanakunukia chuma.

Nilikuwa nikiishi peke yangu Mururu, upande wa Rwanda, nyumba yenye mlango unaotazama mto. Mume wangu alikufa wakati wa vita vya ng'ambo. Watoto wangu wawili wako mbali na wanachojua ni kupiga simu. Sisi ni watu tuliozaliwa Kongo, wazazi wakimbizi, tukarudi Rwanda baada ya maafa, tukiwa watu wazima, na Kiswahili chetu na pagne zetu, yaani vitenge. Majirani walitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Ila nilipoanza kukohoa, hodi zikapungua. Kwanza walisema ni kifua kikuu, wakawa wanasimama mlangoni. Nilipokonda na nywele zikadondoka, wakasema ni ule ugonjwa mwingine. Mwishowe wakakubaliana kwamba nimelishwa.

Pande zote mbili za mto wetu, mtu akikonda polepole na hakuna anayeona sababu, basi kuna mtu amemtilia sumu kwenye chakula au kinywaji. Huko ndiko kulishwa. Na mtu aliyelishwa hana wageni, kwa sababu kila anayekuja kumpa pole anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye. Kwa hiyo watu walinionea huruma sana, kila mmoja akiwa kwake. Nilikuwa nikiwasikia wakipita njiani, wakishusha sauti wakifika penye uzio wangu, wakizipandisha tena mbele. Ndiyo salamu niliyokuwa nikipata kwa siku nzima.

Aliyeendelea kuja alikuwa mwenzangu wa ng'ambo. Alikuwa mama wa Bukavu, Mushi kwa kabila, mchuuzi kama mimi. Tulianza biashara pamoja tukiwa wasichana: yeye alichukua sambaza zangu kwa mabeseni akaziuza soko la Kadutu, mimi nilikula kwake, na nilipohamia Rwanda yeye alilala kwangu siku ambazo mpaka ulifungwa mapema. Miaka ile ng'ambo kulikuwa kumeanza kuwaka tena. Kwao walikuwa wakiwazomea Wanyarwanda darajani, na kwetu tulikuwa na maneno yetu juu ya Wakongomani. Yeye alikuwa akivuka hivyo hivyo, kila Jumanne na kila Ijumaa, na karatasi yake ikigongwa muhuri kwenye daraja la Rusizi ya Pili, akipanda kilima na chupa ya chai kwenye kapu.

Ndani ya chupa ile mlikuwa na tangawizi, na tangawizi ile niliiagiza mimi. Hili ningeomba lishikwe vizuri. Kule hospitali kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa akipita kitanda kwa kitanda akitufundisha vitu vidogo vya kusindikiza shimio. Chai ya tangawizi, unywe kidogo kidogo, kwa ajili ya kichefuchefu. Miguu ikishikwa ganzi, mtu aikande kwa mafuta. Pumzi ikikatika, toa hewa polepole kwa midomo iliyobana.

"Hivi havitibu kansa, mama," alisema. "Kansa utuachie sisi. Hivi ni vya kukusaidia uivumilie dawa. Na majani ya kienyeji usinywe bila kuniambia, mengine yanagombana na dawa yetu."

Tena alitupa vidonge vya kuzuia kutapika, akatuonya tusiviache. Niliporudi nilimweleza mwenzangu yote kwa simu, na Ijumaa iliyofuata akaja na tangawizi kali mpaka inakuna koo, na siagi ya ng'ombe kwenye kikopo.

Alikaa chini, akaweka miguu yangu mapajani kwake. Shimio ilikuwa imeniachia sindano kwenye vidole, nikikanyaga sakafu ni kama nakanyaga mchanga wa moto. Alikuwa na mikono ya kubeba mabeseni, mikavu, lakini alijua pa kubonyeza. "Maman, umekonda wewe," alisema. "Nikikuuza kwa kilo leo sipate ata bei ya sambaza." Nikicheka, kifua kinabana, nashindwa pumzi. Hapo anaacha utani. "Puliza. Puliza kama unawasha makala. Polepole. Tena." Na mimi nilijua kuwasha makala, hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nilipuliza hadi kifua kikalegea. Saa tisa anainuka, maana daraja lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili, na baada ya yeye kuondoka nilikuwa nikihesabu siku za kufika Jumanne.

Kabla ya shimio ya pili akaja dada yangu mkubwa, Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Aliacha mpunga wake na mihogo yake kule Gikundamvura akaja kunitunza. Nisiwe mtu wa kumsema vibaya. Alinifulia, alimwaga mabeseni yangu ya matapishi, alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Lakini Yaya alikuwa amemzika mtoto wake wa kiume wakati wa vita, kule Bukavu, mtoto aliyekonda mwaka mzima, na watu wote wakasema amelishwa. Hakuna daktari aliyempa neno lingine la kushika. Aliponiona mimi, alimwona yule mtoto.

Niliporudi kutoka shimio ya pili nilitapika njia nzima ya Nyungwe, kona kwa kona, kwenye mfuko, na nyumbani nikaendelea. Yaya alichungulia beseni kama mtu aliyedondosha sindano. Kisha akapiga magoti, akaanza kumshukuru Mungu.

"Inatoka!" alisema. "Dada yangu, inatoka! Umeona ile majano? Njo yenyewe!"

Lazima nieleze. Kwetu aliyelishwa hupelekwa kwa watu wa kutapisha. Wanakunywesha dawa zao, unatapika mpaka sumu itoke, na ukitapika sana ndivyo unavyopona sana. Yaya alikuwa ameshamtafuta wa kwake huko Gikundamvura. Sasa akaona hospitali wameifanya kazi ile ile, tena kwa sindano. Mbele ya bamaman, akina mama wa kikundi chake cha maombi, aliwasifu madaktari vizuri kabisa: "Bale bazungu ya bamashini banajua kutapisha!" Hakukuwa na mzungu hata mmoja kule, lakini nani angembishia?

Kesho yake vidonge vyangu vya kuzuia kutapika vilipotea. Niliuliza. "Unataka kufungia sumu ndani?" akasema Yaya. "Acha itoke. Yote itoke." Nami, mwanamke niliyesoma mpaka darasa la nane kwa masista, niliyemsikia muuguzi kwa masikio yangu, nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka. Zaidi ya hapo, ilikuwa vizuri kuwa na mtu ndani ya nyumba anayefurahi. Nilitapika siku tano. Midomo ilipasuka, mkojo ukawa kama chai ya rangi.

Mwenzangu alipokuja Jumanne aliniona, akashika mdomo. Akamimina tangawizi, nikanywa vijiko viwili vikakaa. Vikakaa! Yaya alikuwa amesimama mlangoni, ametazama, na sikuelewa alichokuwa akikitazama. Kwangu ilikuwa nafuu. Kwake yeye, sumu ilikuwa inatoka vizuri siku tano, halafu akaja mama wa Kongo na chupa yake, na kutoka kukakoma.

Tangu hapo hesabu yake ilikuwa rahisi. Nani alikuwa akila nami miaka yote? Nani analeta kinywaji kutoka ng'ambo, wakati huu ambao watu wa ng'ambo wanatuchukia? Nani anakataza nisitapike? Aliniambia kwa sauti ya chini, akinifunga kilemba kichwani: "Anakulisha, dada. Wewe haujue tu." Nikamwambia aache ujinga. Lakini nilimwambia mara moja tu, na mtu anayelala peke yake na wazo usiku kucha anaamka wazo limeshapata pa kukaa. Nilianza kukumbuka mambo. Siku moja tuligombana juu ya bei. Siku nyingine alisema nina bahati kuwa na nyumba ya bati. Nilikuwa nikiyageuza geuza maneno ya miaka mingi, na yote yalianza kunuka.

Ijumaa ile mwenzangu alifika mapema. Chumba changu hakikuwa na mlango, pazia tu. Sebuleni Yaya alikuwa amekaa na bamaman wanne wa maombi, na nilijua kwa ukimya wao kwamba hawakuja kuomba. Nilimsikia mwenzangu akisalimu mmoja mmoja. Nilisikia kapu likiwekwa chini.

"Kaa," Yaya akasema. "Na ile chai yako, mimina."

"Ni ya mugonjwa, Yaya."

"Najua. Mimina. Kunywa wewe wa kwanza."

Mwenzangu alicheka kidogo. Alidhani ni utani, Yaya alikuwa na ulimi. Nikasikia chai ikimiminwa, nikasikia akinywa. "Haya, nimekunywa," akasema. Yaya akasema, "Ingine." Akamimina ingine. "Ingine." Hapo hakucheka tena. Chupa ile ilikuwa ya lita nzima na tangawizi yake mimi naijua, kikombe kimoja kinakutoa jasho. Nikasikia akikohoa, akivuta kamasi. Mama mmoja akasema kwa Kinyarwanda inatosha, Yaya akasema haitoshi, imalizike.

Baada ya kikombe cha tatu aliita. "Maman? Uko mule ndani?"

Nilikuwa mule ndani. Nilikuwa macho kama nilivyo macho sasa. Neno moja lingetosha: tangawizi hiyo niliiagiza mimi, hospitali ndiyo iliyosema. Ningeweza kulisema hata kwa ile midomo iliyopasuka. Sikulisema, na nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile, udhaifu, dawa, woga wa kumkosea Yaya. Zote ni za uongo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona kama atainywa yote.

Akainywa yote. Nikasikia akiipindua chupa ili waone. Kisha akafunga kapu, akasema "Mubaki na Mungu," akatoka, na hakuna aliyeinuka kumsindikiza hata hadi penye uzio. Kwetu hata aliyekuja kudai deni husindikizwa hadi njiani. Nilimsikia akitelemka njia ya mto, kandambili zikipiga kisigino, mpaka sikusikia kitu.

Jumanne hakuja. Ijumaa hakuja. Yaya alinikanda miguu yeye, kwa nguvu, kama anasugua sufuria, nikamwambia aache. Nilipiga simu ya mwenzangu, ikaita ikakatika. Sikupiga tena, maana ningesema nini? Nikawa nalala nimegeukia ukuta. Watu hufikiri mgonjwa amelala, kumbe ana aibu.

Shimio ya tatu nilinyimwa. Muuguzi alinipima, akaangalia karatasi ya damu, akaangalia mizani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, vidonge vya kuzuia kutapika unavinywa?" Nikamweleza yote, sumu, beseni, furaha ya Yaya. Sikutaja tangawizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo.

"Hakuna sumu inayotoka," alisema. "Kutapika huko tumekupa sisi. Dawa ndiyo inayokutapisha, na vidonge ndivyo vinavyokutuliza. Ukiendelea hivi utatufia kwa njaa na kiu kabla kansa haijakugusa." Kisha akauliza, "Na yule mwenzio wa kukanda miguu bado anakuja?"

Nikamwambia amesafiri. Eh, Mungu wangu! Uongo ulitoka mdomoni laini kabisa.

Walinilaza siku nne, wakaniwekea maji ya chumvi mshipani. Niliporudi Mururu nilimkalisha Yaya chini, nikamsomea karatasi ya muuguzi, neno kwa neno, mara mbili. Alilia. Hakulia kwa ajili yangu, alilia kwa ajili ya mtoto wake, kwamba labda naye ulikuwa ugonjwa tu wenye jina, na hakuna aliyemwambia jina. Tangu siku hiyo alinipa vidonge mwenyewe, kwa saa. Lakini lilipokuja suala la mwenzangu alishindwa. "Ile siku tulikosea," alisema, na hapo ndipo alipokomea. Hakwenda ng'ambo kumwomba msamaha, na mimi nilikuwa na nafuu ya siri, kwa sababu kama angekwenda angesema ukweli kwamba mimi sikuwa usingizini. Yaya aliingia chumbani mara tu baada ya ile chai. Alinikuta macho wazi.

Zile shimio nyingine nilizimaliza. Nilijichemshia tangawizi ya soko la huku. Nilijikanda miguu mwenyewe, na ajaribuye kujikanda miguu na kifua kibovu atajua ninachosema: ukiinama pumzi inakatika, ukiinuka miguu hauifikii. Nilipuliza makala yangu peke yangu, nikimwangalia mjusi ukutani. Baada ya ya sita wakapiga picha tena. Lile doa limelala, walisema, limesinyaa, tutaendelea kulitazama. Yaya alirudi kwenye mpunga wake. Majirani walipoona sikufa wakaanza kuja tena na ndizi na maneno ya Mungu. Niliwapokea. Walipoketi nilikuwa nawatazama nikisema moyoni, nyinyi niliwahitaji wakati ule, si sasa.

Nilivuka wiki iliyofuata. Pale Rusizi ya Pili askari wa upande wa pili aliishika karatasi yangu muda mrefu, akanitazama kilemba, akaniuliza ninakwenda kwa nani. "Kwa dada yangu," nikasema. Nilipanda kilima cha mtaa wao nikipumzika kila ngazi kumi.

Alikuwa uani kwake, jikoni, sombe ya majani ya mihogo iko motoni na bugali imeshasongwa. Aliniona. Hakukimbia kunishika, lakini alifuta mikono kwenye pagne, akanisogezea kiti kidogo, akasema, "Karibu. Umepona." Nikasema wanasema hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaanza na Yaya, kwamba Yaya ametubu, kwamba alikuwa na uchungu wa mtoto wake. Alichukua sahani, akaanza kunipakulia.

"Yaya nilimusamehe zamani," alisema. "Yeye hanijue. Niambie kitu moja tu." Mwiko ulikuwa bado mkononi. "Ile siku nilikuita. Ulikuwa umelala? Mi nilijiambia amelala. Ile dawa yao inalalisha batu. Kila siku najiambia vile."

Alinipa hilo mkononi, tayari, kama vile alivyonipa vyote. Nilihitaji kusema ndiyo tu. Ningekula ile sombe, angenipakata miguu, Jumanne angevuka. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya kwa ukimya mara moja, na nikaona nikimdanganya tena atakuwa anakuja kwa mtu ambaye hayupo.

"Nilikuwa macho," nikasema. "Nilikusikia. Nilitaka kuona kama utamaliza."

Aliirudisha ile sombe chunguni, polepole, akafunika. Akatoka, nikabaki nikisikiliza mfuniko ukicheza kwa mvuke. Nilidhani ameniacha, nikaanza kujiinua. Akarudi kutoka dukani na soda moja, baridi, imefungwa, akaiweka mbele yangu kwenye kigoda, na kando yake akaweka kifunguo.

Huku kwetu ndivyo anavyopokewa mgeni msiyejuana. Unampa chupa iliyofungwa na kifunguo chake, aifungue mwenyewe, aone hakuna mkono uliopita. Ni heshima, wala si tusi. Miaka yote ile hakuwahi kunipa chupa.

"Kunywa, maman," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Njia ni ndefu."

Nikaifungua mwenyewe.